Julai 25 na cherehani ya mama

Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu kuna ugomvi wa kila mwaka, na tarehe yake inajulikana kama Krismasi: Julai 25, Siku ya Mashujaa. Usiku wa Julai 24 kaka yangu mkubwa anarusha picha ya mwenge wa mashujaa unavyowashwa saa sita usiku, anaweka bendera tatu na neno BABA kwa herufi kubwa. Asubuhi binamu yetu wa Dar, ambaye siku hizi ni mchambuzi wa kila kitu, anajibu kwamba vita vile vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilikuwa vya Nyerere na rafiki yake Obote, aliyepinduliwa na Amin, wengine tulitolewa kafara tu. Mjomba mstaafu wa jeshi anatuma sauti ndefu ambayo hakuna anayeisikiliza mpaka mwisho. Mashangazi wanaandika "Amina". Mchana kila mtu kanuna, jioni mtu anakumbusha mchango wa harusi, maisha yanaendelea.

Mimi huwa sichangii chochote. Safari moja kaka alinipigia kuniuliza kwa nini nakaa kimya wakati baba ni wangu pia. Nikamwambia nilikuwa na vipindi. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, shule zimefungwa, na yeye anajua. Basi leo namjibu hapa, maana jibu lenyewe haliingii kwenye grupu.

Kaka, baba hakuwa askari. Tuanzie hapo. Alikuwa dereva wa lori la pamba huko Magu, anazunguka vijijini msimu wa mavuno, anapeleka marobota kiwandani. Vita vilipoanza serikali ilichukua magari popote yalipopatikana, ya mashirika na ya watu binafsi, mabasi na malori, na mengine yaliondoka na madereva wake humo humo ndani. Jeshi halikuwa na magari ya kutosha kubeba watu na vyakula na risasi kutoka kila pembe ya nchi mpaka Kagera. Baba akapewa sare ya mgambo na mafunzo ya haraka haraka, akarudishwa kwenye usukani wa Bedford lile lile. Mama anasema alipopita nyumbani kuaga, lori lilikuwa limepakwa matope kuanzia kwenye bodi mpaka kwenye taa, lisionekane kutoka angani. Na baba alikuwa mtu wa kulisugua gari lake kila Jumapili, huku kavua shati. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na mimba yangu. Nimezaliwa Machi 1979, baba akafa Aprili, na barua ya kumwambia kwamba ni mtoto wa kike haijulikani kama ilimfikia.

Sasa binamu yetu mchambuzi, naye nimjibu kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza redioni kwamba kuanzia sasa ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu waliuawa mashambani mwao, wengine wakatembea kwa miguu usiku na watoto mgongoni kuutafuta upande wa pili wa mto, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa kuvushwa mpaka kwa maelfu. Raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, pale Diamond Jubilee, ya uwezo na sababu na nia, nimeisikia redioni tangu nikiwa mtoto na mpaka leo mwili unanisisimka. Sitajifanya mtu wa kisasa nikasema hapana. Ukiingiliwa nyumbani, unatoka na panga. Kwa hiyo ile Novemba sina shida nayo kabisa.

Shida yangu inaanza Januari. Mto ulishavukwa, ardhi ilisharudi, na jeshi letu likavuka mpaka, likaichukua Mutukula na kuisawazisha na ardhi. Februari 24 likaingia Masaka, kesho yake Mbarara, na miji hiyo miwili ililipuliwa jengo kwa jengo, kulipa yaliyofanywa Kagera. Aprili 11 tukawa Kampala. Waganda walishangilia, hilo nalo ni kweli, waliwaita askari wetu bakombozi, wakawapandia juu ya vifaru. Mwezi Julai viongozi wa Afrika walipokutana Monrovia, baadhi yao wakamsema Nyerere kwamba kavunja mwiko wa kuingia nchi ya mwenzake. Amin akaenda kufa kitandani Jeddah mwaka 2003, na Uganda ikaendelea kumwaga damu miaka kadhaa chini ya waliokuja baada yake. Ukiniuliza kama ilipasa kusimamia Mto Kagera au kwenda mpaka mwisho, kuna siku nasema tungesimama, na kuna siku namkumbuka Amin vizuri nasema twende. Mjomba anasema hayo ni maswali ya watu waliozaliwa wameshashiba. Labda. Lakini mimi ndiye niliyekua bila baba, nadhani nina haki ya kuyauliza hata kabla ya kula.

Sherehe yenyewe naipenda. Nasema hivi kwa sababu wanaodhani mtu mwenye mashaka na vita hawezi kuvumilia gwaride hawanijui. Kila mwaka naitazama kwenye televisheni kuanzia mwanzo. Mzinga unapigwa, watu wanasimama kimya dakika moja, mzinga wa pili, tarumbeta linalia. Halafu Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mishale, na mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba mmoja baada ya mwingine. Na kubwa zaidi, kwa kawaida hakuna hotuba ndefu. Sijui shughuli nyingine ya serikali katika nchi hii ambapo wakubwa wote wanakuja, wanaweka kitu chini, na mara nyingi wanaondoka hawajatuambia lolote kuhusu maendeleo ya jimbo.

Yule mzee wa shoka ndiye ninayemsubiri. Kila ukimwona anatembea polepole, suti imemzidi mabega, medali zinagongana. Analiweka lile shoka, anarudi nyuma, anapiga saluti ambayo mkono unatetemeka kidogo kabla ya kutulia. Katika silaha zote pale ni hilo tu ambalo kila nyumba inalo. Baba alikuwa na shoka kwenye lori, la kukatia matawi ya kuweka chini ya tairi gari likinasa.

Mimi ni mwalimu wa Hesabu, na mwalimu wa Hesabu hawezi kuipita namba barabarani bila kuisalimia. Takwimu inayonukuliwa sana kuhusu vita vile ni kwamba askari wa Tanzania waliokufa ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa kwenye mapigano. Toa mwenyewe, wanabaki 277. Kule Kaboya, wilayani Muleba, yalipo makaburi ya mashujaa wa Kagera, idadi inayotajwa ni 619. Namba hizo mbili hazikai kwenye mlinganyo mmoja, na wanafunzi wangu wakiniletea jibu la namna hiyo nawarudisha kwenye madawati. Lakini hata ukichukua ile ndogo, zaidi ya theluthi mbili ya marehemu wale hawakupigwa risasi na mtu yeyote. Jeshi lililopanuka ghafla kutoka makumi machache ya maelfu kuvuka laki moja, mgambo na polisi na magereza na vijana wa JKT, barabara za udongo, mvua, malaria, magari mabovu, madereva wasiolala. Hivyo ndivyo watu wanavyokufa vitani, na kwenye michoro ya mashujaa sijawahi kuona hata mmoja aliyelala chini ya tairi.

Baba yumo kwenye hao 277. Ilikuwa usiku, barabara ya kutoka Masaka kwenda Lukaya, masika, amebeba mapipa ya dizeli, taa zimezimwa kwa amri. Gari likateleza, likapinduka. Basi. Hakuna askari wa Libya aliyekuja kumsaidia Amin, hakuna mzinga, hakuna maneno ya mwisho. Kaka, wewe shuleni uliwaambia wenzako kwamba baba alilipua kifaru. Nilipofika darasa la tano vilikuwa vitatu. Sikulaumu, ulikuwa mtoto, na mtoto mwenye baba aliyelipua vifaru hapigwi ovyo. Ila sasa una mvi na bado unaandika "aliyekufa akipambana". Alikuwa anapambana na usingizi na utelezi, na mimi naona hilo linatosha. Dizeli ile ndiyo iliyokuwa inasukuma vifaru vya wenzake.

Na sasa nifike kwenye lile jambo ambalo nyumbani halisemwi.

Habari ya kifo aliileta mwenzake mmoja wa msafara ule, dereva wa lori la nyuma yake, ambaye sisi tulikua tunamwita Baba Mdogo. Alikuja vita vilipokwisha. Alileta sanduku la bati la baba, likiwa na shati la nyumbani, wembe, na picha ya mama. Na ndani ya gunia la katani, cherehani. Singer ya mkono, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni yaliyokwisha kufutika upande mmoja mahali mkono wa fundi unapopita. Alisema marehemu aliinunua Uganda kwa ajili ya mama.

Cherehani hiyo ndiyo iliyotulea. Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mkanda miezi 18 ili nchi ipumue baada ya vita, na kila mtu mzima anayesoma hapa anajua ile miezi 18 ilikuwa mirefu kiasi gani. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wa yanga, khanga kwa mwenye ndugu dukani. Mama alishona kaptula za kaki na sketi za bluu za shule nzima ya msingi. Uzi ulipokosekana alifumua nguo kuukuu, akauzungusha kwenye kibiriti kitupu, akaushonea upya. Usiku nikisikia ule mlio wa tiki-tiki-tiki najua kesho kuna ada. Ada ya kaka ya sekondari, ada yangu, nauli yangu ya kwenda chuo cha ualimu, zote zilipita chini ya sindano ile.

Nilikuwa kidato cha pili siku niliyopewa kazi ya kuisafisha kwa mafuta ya taa. Wanaozijua zile za mkono wanakumbuka kuna kijisanduku kwenye kile kitako cha mbao, kina kifuniko cha kuteleza, mtu anawekamo bobini na sindano. Chini kabisa, chini ya vumbi la nyuzi lililogandamana na mafuta, nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa penseli, kwa Kiganda. Jirani yetu mama wa Kihaya ndiye aliyenisomea. Ni vipimo. Jina la mwanamke, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Gomesi, lile gauni la wanawake wa Kiganda, kitambaa chake mwenyewe, mkanda rangi ya machungwa. Achukue Ijumaa. Nusu imelipwa, nusu bado.

Yule jirani alikirudisha mkononi mwangu bila kusema neno, akarudi kwenye ndizi zake.

Dereva wa mgambo, Masaka ya mwaka 1979, anainunua wapi cherehani? Kwa nani? Kwa shilingi zipi? Kulikuwa na fundi mahali fulani, mwanamume au mwanamke sijui, aliyekuwa na mteja wa Ijumaa, na Ijumaa ile haikufika. Inawezekana alikimbia akaacha mlango wazi. Inawezekana aliiuza kwa debe la unga, kwa hiari yake, watu wenye njaa wanauza. Inawezekana jengo zima lililipuliwa na mashine ikaokotwa kwenye kifusi. Miaka mingi baadaye, Baba Mdogo akiwa amelazwa na sote tukijua harudi, nilimuuliza. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, vitu vilikuwa barabarani." Halafu akaongeza kwa ukali kidogo, "Ulitaka mama yenu ashonee vidole?"

Mama naye nilimuuliza, siku ile ile niliyokipata. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na hasira za umri huo, nikakiweka mbele yake kama hakimu. Hakushtuka. Alikuwa amekiona tangu wiki ya kwanza, alipokuwa anatafuta sindano, na yeye Kiganda hajui, lakini vipimo vya nguo anavijua vikiwa kwa lugha yoyote. Alikisoma kwa tarakimu. Nikamuuliza kwa nini hakukitupa. Akaniambia, "Ng'wanawane, nitupe kitu cha watu?" Akakirudisha ndani, chini ya bobini, akafunga kifuniko. Kimo mpaka leo. Siku hizi anayo cherehani ya miguu, ile ya mkono ipo chumbani juu ya sanduku la bati, amefunikia kitambaa, na kila mwezi anaitia mafuta ingawa haishoni chochote.

Kaka anajua habari za kikaratasi. Alisema tu kwamba vita ni vita, na kwamba nisithubutu kukitaja mbele za watu Julai. Leo nimekitaja, na Julai haijaisha.

Kaboya tulimpeleka mama akiwa tayari mtu mzima, goti linamsumbua. Tulitoka Mwanza alfajiri kuwahi kivuko cha Busisi, wakati huo daraja lilikuwa bado ndoto ya wanasiasa, tukapita Geita na Biharamulo tukapandisha Muleba. Njia nzima alikuwa kashikilia mfuko wa rambo mapajani, hataki kuuweka chini. Tulipofika akaufungua: kijembe kifupi, chupa ya maji, na pakiti ya mbegu za maua ambazo nadhani aliziomba kwa masista. Alikuwa amejiandaa kupalilia kaburi la mumewe.

Hapakuwa na jani la kupalilia. Makaburi ya Kaboya yako chini ya jeshi, yamepangwa mistari kama daftari la mwandiko, yamefagiwa, majani yamekatwa usawa mmoja. Askari kijana aliyetupokea alikuwa na adabu sana, akamwita mama "bibi", akamletea kiti. Mama akakaa mbele ya jina la baba na kijembe chake mkononi, akatazama kulia, akatazama kushoto, na nikaona anakasirika. Alikuja kufanya kazi akakuta imeshafanywa na serikali. Mwishowe akamwambia yule kijana, "Mmemtunza vizuri. Lakini mngeniachia hata kipande." Kijana hakujua ajibu nini. Akasema, "Ndiyo, bibi."

Kisha mama akaanza kumgombeza marehemu. Si kwa kilio, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyechelewa kurudi toka sokoni. Kwamba alisema anarudi kabla ya msimu wa pamba. Kwamba paa la jikoni alilolianza, shemeji yake alilimalizia vibaya na linavuja mpaka kesho. Kwamba mtoto alikuwa wa kike, ndiye huyu hapa, mwalimu. Hakutaja nchi hata mara moja, wala Amin, wala Nyerere. Na cherehani hakuitaja. Nilisubiri kuona kama ataitaja. Nikiwa nimesimama pale niliona kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuja na vita kichwani; yeye alikuja kwa mumewe.

Masaka nimeipita baadaye, kwa basi, tukimpeleka shangazi kwa matibabu Kampala. Niliyekaa naye alikuwa mzee wa makamo, mfanyabiashara wa kahawa, Kiswahili chake kile cha kijeshi kidogo ambacho Waganda wa umri wake wengi wanacho. Alipojua natoka Tanzania akanishika mkono akanishukuru kwa kuwaondolea "yule mtu". Akashukuru kwa moyo kabisa, akataja ndugu zake waliochukuliwa kwenye buti la gari wasirudi. Basi lilipoingia mjini akanyoosha kidole dirishani. Pale palikuwa na duka la baba yake, la ghorofa moja. "Jeshi lenu lililipua." Halafu akarudi kunishukuru tena. Hakuona kwamba kuna mgongano wowote kati ya hayo mawili, na alikuwa ameishi nayo miaka mingi kuliko mimi. Nilitaka kumuuliza kama kwenye mtaa ule kulikuwa na mafundi cherehani. Nikaangalia nje mpaka tukatoka mjini.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu, kaka. Julai 25 nasimama kimya dakika moja na wenzangu wote, mbele ya televisheni, peke yangu sebuleni, nasimama kweli kwa miguu. Nasimama kwa ajili ya mtu aliyezima taa akaendesha usiku kwa sababu mbele yake kulikuwa na watu wanaosubiri dizeli. Na dakika hiyo hiyo namfikiria mteja wa Ijumaa na nusu aliyokwisha kulipa. Siwezi kumtoa mmoja nikabaki na mwingine, na usiniambie nichague. Ukitaka kuweka bendera zako weka, mimi sikuzuii. Ila ile "akipambana" ukiifuta nitaandika "Amina" kama shangazi.

Kuna jambo moja limenifanya niandike mwaka huu na si mwaka mwingine. Mwanangu amemaliza JKT na anataka jeshi. Sijamlea kwa hadithi za vifaru, nilijitahidi sana, lakini mjomba wake alikuwepo. Nimemwonyesha habari za wale wanajeshi wetu waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, majeneza 14 yamepangwa pale Upanga yakiwa yamefunikwa bendera. Nimemwonyesha tangazo la JWTZ la wawili waliokufa huko huko Kongo mwanzoni mwa 2025. Alisoma yote, kimya. Kisha akaniambia, "Sasa mama, wale raia wa kule nani awalinde?" Na mimi ninayefundisha vijana wa watu wajibu maswali kwa hatua, nilikosa hata hatua ya kwanza.

Barua ya maombi huandikwa kwa mkono. Aliniletea niipitie Jumamosi, nikiwa nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu, kwa hiyo kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. Aya ya pili ilisema kwamba babu yake alikuwa komando shujaa aliyefariki mstari wa mbele akipambana na nduli Idi Amin. Nikakata "komando", juu yake nikaandika "dereva wa lori". Nikakata "mstari wa mbele". Nikakata na ile "akipambana".

Akaguna. "Mama, sasa si unaniharibia?"

"Andika upya. Na mwandiko wenyewe huu hausomeki."

Akavuta karatasi nyingine, akaanza kunakili, akafika kwenye aya ile akasimama. "Na 'shujaa' niitoe?"

Nikaisoma tena sentensi yote, na dereva wa lori ndani yake.

"Hiyo iache," nikamwambia. "Ila rekebisha mwaka. Umeandika 1978."